Tsuba: Sanaa Yenye Tundu Katikati

Upanga wa Kijapani umesifiwa katika lugha nyingi, na habari zake zimewafikia hata watu ambao hawajapata kuuona ila katika picha. Kiungo chake kimoja kidogo, ambacho Wajapani hukiita tsuba, kimesifiwa kwa uchache, na aghalabu kimesifiwa kwa jambo lisilo lake. Tsuba ni kisahani cha chuma au cha madini mengine kinachokaa baina ya mpini na ubapa ili kuukinga mkono. Kwa upanga mrefu, upana wake ni kiasi cha sentimita 7 au 8. Unene wake ni milimita chache. Uzito wake hukaribia gramu 100, pengine kwa kuzidi, pengine kwa kupungua. Kitu cha kadiri hiyo huenea katika kiganja. Hata hivyo kimekusanywa kwa wingi katika makumbusho ya Tokyo, Boston, New York, Hamburg na Oxford, kimeandikiwa vitabu vikubwa, na kimewagombanisha wajuzi kwa zaidi ya miaka mia moja. Ugomvi wao haukuwa juu ya bei peke yake. Ulikuwa juu ya swali ambalo mhakiki wa sanaa yoyote hana budi kulijibu: kazi iliyofanywa kwa ajili ya matumizi ipimwe kwa kipimo gani, hasa baada ya matumizi yenyewe kwisha?

Majibu yaliyotolewa ni mawili. La kwanza husema kwamba tsuba ni picha ndogo ya madini, na kwamba iliyo bora ni ile yenye nakshi nyingi, dhahabu iliyowekwa kwa ustadi na hadithi inayotambulika. La pili husema kinyume chake: kwamba tsuba za kweli ni zile za chuma za zamani, na kwamba mapambo yaliyofuata ni dalili ya kuoza. Kila jibu lina sehemu ya haki. Lakini yote mawili yanakisahau kitu kilicho wazi mbele ya macho, nacho ni tundu lililo katikati. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba tundu hilo ndilo kipimo. Fundi aliyelijibu vizuri amefanya kazi kubwa, hata akitumia dhahabu. Na fundi aliyejifanya kutoliona amefanya kazi ndogo, hata akitumia chuma kikuukuu.

Yapasa kwanza kuzieleza amri ambazo fundi alipewa kabla ya kuinua nyundo. Tundu la katikati, lenye umbo la kabari ndefu, hupitisha msuka wa upanga uingie katika mpini. Kulizunguka tundu hilo hubaki uwanja mtupu wa umbo la yai, ambao hukandamizwa na vikaratasi vya shaba vinavyoikaza tsuba isicheze. Nakshi yoyote itakayowekwa hapo itafunikwa au itapondwa. Kando ya uwanja huo mara nyingi huwa na tundu moja au mawili zaidi. Moja ni la kupitisha mpini wa kisu kidogo, na la pili ni la kupitisha kijiti cha madini cha kutengenezea nywele. Vyote viwili vilichukuliwa ubavuni mwa ala. Ukingo wa nje haukuweza kuwa na ncha kali za kukwama katika mkono wa nguo au za kuumiza kifundo cha mkono. Uzito nao ulikuwa na sheria, kwa kuwa tsuba nzito kupita kiasi au nyepesi kupita kiasi huubadili upanga mkononi mwa mwenyewe. Basi katikati pamekwisha chukuliwa, ubavuni pametobolewa, ukingoni pamewekewa mpaka. Kilichobaki kwa fundi ni pete nyembamba ya uwanja, na humo ndimo alimotakiwa aseme neno lake.

Mtu aliyezoea ushairi wa Kiswahili ataielewa hali hii kwa urahisi. Mtunga shairi hupewa mizani na vina kabla hajaandika neno la kwanza. Mtunzi dhaifu huviona vina kama deni, akalilipa mwisho wa kipande kwa neno lolote lenye sauti ifaayo. Mtunzi hodari huviendea vina kwa namna ambayo, neno la mwisho likifika, msikilizaji huona kuwa huko ndiko maana ilikokuwa ikielekea tangu mwanzo. Sheria ni ile ile kwa wote wawili, lakini mmoja ameibeba na mwingine amebebwa nayo. Tofauti hiyo hiyo huonekana baina ya tsuba na tsuba.

Tsuba nyingi za kale zilizosalia ni sahani nyembamba za chuma kilichofuliwa, ambazo mapokeo huzihesabu kuwa kazi ya wahunzi wa panga na wahunzi wa deraya. Nyingi hazina sahihi, na tarehe zake zimebishaniwa sana. Pambo lake ni dogo: ua la mcheri au kitu kingine chepesi kilichotobolewa upande mmoja wa sahani, basi. Baadaye, hasa katika karne za 15 na 16, kutoboa kukaongezeka hata sahani ikawa wavu wa mistari ya chuma. Kazi za Owari zilijulikana kwa nguvu na ulinganifu wake. Zile za Kyoto zilijulikana kwa mistari miembamba iliyopindwa kwa adabu. Katika kazi hizi mafundi waligundua jambo la thamani. Kwa kuwa tundu haliwezi kuondolewa, walitoboa matundu mengine, na tundu la lazima likaingia katika jamii ya matundu ya hiari. Jicho likitazama haliulizi tena kwa nini katikati pana uwazi, maana uwazi umekuwa sehemu ya usemi wote.

Mtazamaji mgeni mara nyingi hupita mbele ya tsuba hizi bila kusimama, akidhani ni vipande vya chuma vilivyoota kutu. Hapo ndipo elimu ya kutazama huhitajika. Tsuba haitazamwi kama picha ya ukutani. Hushikwa kwa ncha za vidole katika ukingo, ikainamishwa polepole kuelekea dirishani, ili nuru iteleze juu ya uso wake. Ndipo alama za nyundo zinapoonekana, mabonde na vilima vidogo ambavyo fundi aliviacha kwa makusudi. Ukingoni huweza kuonekana vinundu vya chuma kigumu zaidi vilivyojitokeza, ambavyo Wajapani huviita mifupa ya chuma, na ambavyo mjuzi huvisoma kama mganga asomavyo mshipa wa damu. Rangi nayo ina daraja zake. Kutu ya tsuba njema haikutokea kwa uzembe; ni ngozi iliyolelewa na fundi kwa ujuzi wake, kisha ikakomazwa na mikono ya vizazi, hata ikawa nyeusi yenye zambarau kwa ndani, au hudhurungi iliyoiva kama kokwa ya tende. Kutu nyekundu inayokula chuma ni adui, na waangalizi wazuri huikwangua taratibu kwa mfupa au pembe, kisha huisugua tsuba kwa kitambaa cha pamba kwa miezi na miaka.

Mabadiliko makubwa ya kwanza yalikuja na Kaneie, fundi wa Fushimi karibu na Kyoto, aliyefanya kazi katika zama ambazo karne ya 16 ilikuwa ikimalizika au imemalizika. Yeye alileta mandhari katika chuma: milima, majumba ya ibada, wavuvi, wasafiri, kwa namna ya wachoraji wa wino. Mtu angetazamia kwamba picha na tundu vingegombana. Lakini Kaneie aliijua siri ya wino, ambayo ni kuacha sehemu kubwa ya uwanja bila kitu. Watu wake ni wadogo na hukaa chini au pembeni; vilima vyake huinuka kidogo tu; sehemu iliyobaki ni chuma kitupu kinachosimama mahali pa ukungu, maji au mbingu. Tundu likiwa ndani ya uwanja mtupu namna hiyo haliharibu picha, kwa kuwa mahali lilipo hapakuwa na kitu cha kuharibiwa. Picha imejifunza kuishi na tundu. Si ajabu kwamba sahihi yake, pamoja na ile ya Nobuie, imeghushiwa mara nyingi kuliko za mafundi wengi. Lakini waghushi waliiga vilima na wavuvi. Wachache walioweza kuuiga ule utupu.

Mfano wa pili wa utii wenye akili unapatikana katika jimbo la Higo, katika kisiwa cha Kyushu. Ukoo wa Hosokawa ulipewa jimbo hilo mwaka 1632. Mzee wa ukoo, Hosokawa Tadaoki, aliyeishi tangu 1563 hata 1646 na kujulikana uzeeni kwa jina la Sansai, alikuwa askari aliyepigana vita vikubwa vya zama zake, na pia alikuwa mwanafunzi wa Sen no Rikyu, mwalimu mkuu wa adabu ya chai. Chini ya ulinzi wa ukoo huo walifanya kazi mafundi wa jamaa za Hirata, Nishigaki, Shimizu na Hayashi. Adabu ya chai ilifundisha kwamba chombo kilicho kimya huweza kuwa na heshima kuliko chombo kinachong'aa, na mafundi wa Higo walilitia fundisho hilo katika chuma. Hayashi Matashichi alitoka katika jamaa ya mafundi wa bunduki, na alijua kuweka njumu ya dhahabu juu ya chuma. Lakini katika kazi zake bora dhahabu hutumika kwa uchache, na chuma chenyewe, cheusi na laini kwa macho, ndicho kinachoachwa kizungumze. Mtu mwenye dhahabu mkononi anayechagua kuitumia kidogo ametoa hukumu. Na hukumu ndiyo roho ya sanaa.

Baada ya ngome ya Osaka kuanguka mwaka 1615, Japani iliingia katika amani ndefu, isipokuwa uasi wa Shimabara wa miaka 1637 na 1638, hata katikati ya karne ya 19. Samurai aliendelea kuvaa panga zake mbili, lakini zilikuwa alama ya cheo zaidi kuliko silaha ya kila siku. Wafanyabiashara wa mijini nao, wakiruhusiwa kuvaa upanga mfupi, walitaka fahari kwa fedha zao. Hapo sonara akachukua nafasi aliyokuwa nayo mhunzi. Jamaa ya Goto, iliyoanzishwa na Goto Yujo aliyezaliwa mwaka 1440 na kufa mwaka 1512, ilikuwa imewatumikia watawala kwa mapambo ya upanga kwa muda mrefu, ikaendelea kwa vizazi 17. Kinyume cha mafundi hao wa nyumba kuu waliinuka mafundi wa mjini, kama Yokoya Somin huko Edo, waliochonga kwa ajili ya yeyote awezaye kulipa, na kwa uhuru mkubwa zaidi wa mawazo. Tsuchiya Yasuchika, aliyeishi tangu 1670 hata 1744, alikuwa hodari katika chuma na katika madini laini pia.

Madini yenyewe yalikuwa elimu kamili. Shakudo ni shaba nyekundu iliyochanganywa na dhahabu kidogo, asilimia chache tu. Ikichemshwa katika maji ya dawa za shaba hugeuka nyeusi yenye buluu kama bawa la kunguru. Shibuichi, ambayo jina lake maana yake ni robo moja, ni shaba iliyotiwa fedha, na rangi yake ni kijivu cha alfajiri. Kwa madini hayo, pamoja na dhahabu, fedha na shaba, sonara alikuwa na sanduku la rangi bila kutumia rangi. Uwanja wa nyuma mara nyingi ulijazwa vitone vidogo vilivyopangwa kama mayai ya samaki, kila kimoja kikigongwa peke yake kwa kipatasi chenye ncha ya kikombe. Tsuba moja ilihitaji mapigo maelfu, na pigo moja lililokosea mstari huonekana hata leo.

Wapendao chuma hudharau kazi hii, na dharau yao haifai kukubaliwa nzima nzima. Ustadi wa namna hii ni haki ya kusifiwa, na uvumilivu wake ni tabia njema ya fundi kama ilivyo ya mwanachuoni. Tena tsuba nyeusi ya shakudo, yenye vitone safi na isiyo na picha, iliyovaliwa katika ngome ya mtawala, ni kitu cha adabu kubwa. Kosa la nyakati za mwisho halikuwa dhahabu. Kosa lilikuwa kwamba picha ilikua hata ikadai uwanja wote. Shujaa anapigana na joka; joka linazunguka; mawingu yanajaa; na katikati ya mapigano limesimama tundu kama dirisha lililovunjwa katika ukuta uliochorwa. Mchoro ungekuwa mzuri zaidi katika sanduku au katika sahani isiyotobolewa. Pale ambapo mtazamaji hutamani tundu lingeondolewa, fundi ameshindwa, hata kama kila unywele wa joka umechongwa barabara. Huo ni ushairi wenye maneno matamu na vina vya kulazimishwa.

Tarehe 28 Machi mwaka 1876 serikali mpya ya Japani ilitoa amri ya kuwakataza watu kuvaa panga, isipokuwa katika mavazi rasmi, na kwa askari na polisi. Kwa siku moja sanaa nzima ilipoteza kazi yake. Mafundi walikosa wateja, na jamaa za samurai, ambazo nyingi zilikuwa zimekwisha kupoteza mapato yake, zikauza zilichokuwa nacho. Tsuba zilifunguliwa kutoka panga zake, zikapelekwa bandarini, zikasafirishwa Ulaya na Marekani. Hivi ndivyo zilivyoanza maisha ya pili, maisha ya kabati.

Haifai kudhani kwamba wageni ndio waliofundisha kuzithamini. Huko Osaka, mwaka 1781, Inaba Tsuryu alikuwa amekwisha kutoa kitabu chake, Soken Kisho, juu ya mafundi wa mapambo ya panga, wakati ambapo panga hizo zilikuwa zingali viunoni mwa watu. Jamaa ya Goto nayo ilikuwa ikitoa hati za kuthibitisha kazi za wazee wake. Jambo jipya lililoletwa na wageni lilikuwa ni kuitazama tsuba peke yake, bila upanga, bila ala, bila mpini. Kwa macho hayo wengi wao walipendelea kile kinachoonekana upesi: dhahabu, hadithi, wanyama, mashujaa. Chuma cha Owari na Kyoto kilichukuliwa kuwa hatua ya utoto, na Somin na wafuasi wake wakachukuliwa kuwa ukomavu. Haki itendeke hata hivyo. Huko Hamburg, mtaalamu wa Kijapani Shinkichi Hara, akifanya kazi katika makumbusho ya Justus Brinckmann, alitoa mwaka 1902 kitabu cha mafundi wa mapambo ya panga. Na makumbusho ya sanaa ya Boston yalichapisha kitabu cha Okabe Kakuya juu ya tsuba mwaka 1908. Juhudi hizo ziliokoa majina na vitu ambavyo vingepotea. Lakini ilipasa kungoja wajuzi wa Kijapani wa karne ya 20, kama Akiyama Kyusaku, Torigoye Kazutaro na Sasano Masayuki, ndipo wasomaji wa nje wafahamishwe kwamba kile walichokiita utoto kilikuwa lugha kamili.

Katika jambo hili mna onyo kwa kila mhakiki wa sanaa ya watu wengine. Aliyekosea hakukosea kwa kuwa hana macho. Alikosea kwa kuwa alitafuta katika tsuba kile alichozoea kukitafuta katika picha, akakipata pale kilipokuwapo kwa wingi, akaita uwingi huo ubora. Soko halikukawia kumtii. Katika bandari ya Yokohama zilitengenezwa tsuba kwa ajili ya kuuzwa kwa wageni tu, ambazo hazikutazamiwa kukaa juu ya upanga wowote. Mjuzi huzitambua kwa urahisi. Uwanja wa katikati hauna alama ya kukandamizwa. Tundu halina dalili ya kupitiwa na msuka. Matundu ya ubavuni pengine yana umbo lisiloweza kupitisha kitu. Hapo tundu limekuwa pambo, na kitu chote kimekuwa sanamu ya tsuba. Hakuna ushahidi ulio bora kuliko huu kwamba uzuri wa tsuba ulitegemea kazi yake: kazi ilipoondolewa, hata umbo la tundu lilisahauliwa.

Kinyume cha hayo, tsuba iliyotumika ina historia iliyoandikwa mwilini mwake. Upanga mmoja uliweza kuvalishwa tsuba mbalimbali, na tsuba moja iliweza kuhamia upanga mwingine. Kila ilipohama, tundu lilipunguzwa kwa vipande vidogo vya shaba nyekundu vilivyogongwa katika ncha zake, au lilipanuliwa kwa tupa, ili msuka mpya ukae sawasawa. Matundu ya ubavuni pengine yalizibwa kwa madini laini. Mkusanyaji asiyejua huviona vipande hivyo kuwa kasoro, na wako waliowahi kuving'oa ili kuirudishia tsuba usafi wake. Wako pia walioisugua kwa dawa kali hata ngozi yake ikatoka, wakabaki na chuma cheupe kama kijiko kipya. Kitendo hicho ni sawa na kuufuta muswada wa kale ili karatasi ionekane safi. Ngozi iliyopotea haiwezi kurudishwa na mtu yeyote, kwa kuwa ilihitaji vizazi vya mikono.

Ugonjwa mwingine wa wakusanyaji ni kutegemea hati kuliko macho. Chama cha kuhifadhi panga za sanaa cha Japani, kilichoundwa mwaka 1948 baada ya panga nyingi kunyang'anywa na kuharibiwa mwishoni mwa vita, hutoa hati za daraja mbalimbali kwa panga na kwa mapambo yake, nayo ni huduma kubwa. Hati humwambia mtu kitu ni cha shule gani na cha ubora gani kwa maoni ya wajuzi. Haiwezi kumtazamia mtu tsuba yenyewe. Mkusanyaji anayenunua hati, kisha akaiweka tsuba sandukuni pamoja nayo bila kuishika mbele ya dirisha, amekusanya karatasi.

Lipo pingamizi lililo zito kuliko hayo yote. Wako wasemao kwamba tsuba ni kiungo cha chombo cha kuulia, na kwamba kuipenda ni kuupamba umwagaji wa damu kwa maneno ya adabu. Pingamizi hili haliondolewi kwa kusema kwamba tsuba nyingi zilizosalia zilifanywa katika zama za amani, ingawa neno hilo ni kweli. Upanga wa zama za amani ulikuwa bado alama ya haki ya mtu mmoja juu ya mtu mwingine. Aliyeuvaa aliogopwa na asiyeuvaa. Jibu la haki ni kulikubali jambo lenyewe na kulichukua ndani ya hukumu. Tsuba haifichi ilikotoka. Tundu liko katikati, na umbo lake ni umbo la upanga. Mpenzi wa tsuba anayelisahau tundu ndiye anayezificha habari za damu, kwa kuwa amekigeuza kitu cha vita kuwa kipuli cha dhahabu. Anayelitazama tundu kwanza anajua daima kile kilichopita humo. Kwa hiyo kipimo kilichotetewa hapa kwa ajili ya uzuri kinafaa pia kwa ajili ya ukweli, na si mara nyingi ambapo mhakiki hupata kipimo kimoja cha kutumikia mambo yote mawili.

Maisha ya Kano Natsuo yanaweza kuwa mwisho wa maelezo haya. Alizaliwa Kyoto mwaka 1828, akahamia Edo mwaka 1854, akawa sonara mkubwa wa mwisho wa zama za upanga. Serikali mpya ilimtumia katika kuchonga sura ya sarafu mpya za nchi. Amri ya mwaka 1876 ilipomnyima wateja wa tsuba, aligeukia vyombo na mapambo mengine. Mwaka 1890 alitunukiwa daraja ya fundi wa nyumba ya mfalme, akafundisha katika shule ya sanaa ya Tokyo, akafa mwaka 1898. Tsuba zake zinapendwa na pande zote mbili za ugomvi, na sababu yake inaonekana. Picha zake ni hai: ua la botani lililofunguka, au samaki anayegeuka majini. Lakini hakuijaza pete yake. Aliweka ua upande mmoja, akaacha madini matupu upande wa pili, na tundu likakaa baina ya viwili hivyo kwa utulivu, kana kwamba shina la ua lilikuwa likilipisha njia. Alikuwa na ufundi wote wa masonara na nidhamu yote ya wahunzi wa kale. Alikuja mwishoni, na aliijua kazi yake kikamilifu wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa ikifungiwa mlango.

Basi anayetaka kuzihukumu tsuba aanze na maswali matatu. Kwanza, je, tundu linaonekana kuwa lazima iliyopokelewa, au aibu iliyofichwa? Pili, je, chuma au madini yenyewe yanasema kitu kabla nakshi haijaanza kusema? Tatu, je, kitu hiki kilipata kukaa juu ya upanga, au kilizaliwa ndani ya kabati? Tsuba inayojibu vizuri ni kazi kubwa, iwe ya chuma au ya shakudo, iwe na jina la fundi au isiwe nalo. Inayojibu vibaya ni pambo tu, ingawa ingenunuliwa kwa mali nyingi.